Alama za Maji Juu ya Meza na Makabati: Namna ya Kuziondoa Bila Kuharibu Polishi

Kijiji cha Kibuyuni kiko ukingoni mwa bahari katika Kaunti ya Kwale, si mbali na Shimoni, kikielekeana na kisiwa cha Wasini. Wenyeji wake wanajulikana sana kwa ukulima wa mwani, na wengi katika wakulima hao ni wanawake. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, hushuka pwani wakafunga vipande vya mbegu katika kamba zilizowambwa baharini. Na baada ya siku 45 hivi huvuna, wakaanika, wakatia katika magunia na kuuza. Ni kazi ya kuinama na ya kulowa, na kilo moja ya mwani mkavu hutaka kilo saba au zaidi za mwani mbichi. Mwanamke aliyenunua meza au kabati kwa fedha za namna hiyo amelipa mavuno mengi, wala si ajabu kwamba duara jeupe la kikombe juu ya meza mpya humwuma kama kidonda.

Hata hivyo, alama ya maji aghalabu ni jambo dogo. Kinachoharibu samani ni haraka ya kuiondoa. Alama ionekanapo, watu wa nyumba hutafuta kitu cha kusugulia: mmoja huleta mchanga, wa pili huleta waya wa kusugulia sufuria, wa tatu humimina dawa ya kufulia nguo nyeupe. Baada ya robo saa alama imeondoka, na polishi imeondoka pamoja nayo. Palipokuwa na duara dogo jeupe sasa pana baka kubwa lisilong'aa, na ubao umebaki mtupu kuyangoja maji ya kesho. Fundi seremala aletewaye meza kama hiyo hana la kuondoa tena. Kazi yake ni kukwangua uso mzima na kuupaka upya, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa na fedha si kidogo. Bibi mwenye nyumba aliyezoea samani, amwonapo mkazamwana wake akikimbilia waya, humwambia, "Mwanangu, ngoja kwanza. Meza si sufuria."

ALAMA SI ZA NAMNA MOJA

Kabla ya kushika kitambaa yafaa mtu atazame vizuri ni alama ya namna gani, maana dawa ya hii ni sumu ya ile.

Katika vijiji vya pwani kama Kibuyuni iko alama ambayo watu wa bara hawaijui sana, nayo ni ya maji ya bahari. Mtu arudipo kutoka katika mwani huweka kapu bichi juu ya meza, au huketi kitini na kanga iliyolowa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakisha kukauka chumvi hubaki, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewa: unyevu huo ukipita asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, huanza mapema zaidi. Usiku wa pwani hupita kipimo hicho mara nyingi. Kwa hiyo mahali pale hukauka mchana pakawa na unga mweupe, na usiku hulowa tena, na polishi hukaa katika unyevu siku zote kama mguu ndani ya kiatu kibichi. Mwenye nyumba hupaka mafuta, hupaka nta, na alama hurudi, akadhani kuwa meza ina kasoro. Kasoro haimo mezani. Ni chumvi ambayo haijaondolewa, nayo sasa imefunikwa chini ya nta.

Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, na maji ya mvua ni bora kuliko yote. Kitambaa laini cha pamba huchovywa, hukamuliwa mpaka kisidondoke hata tone, kisha hupitishwa taratibu juu ya alama. Upande mmoja ukisha kushika chumvi hugeuzwa upande mwingine. Na papo hapo mahali hapo hukaushwa kwa kitambaa kikavu. Ikifanywa mara tatu, na kila mara maji yakabadilishwa, chumvi huisha. Kufuta mara moja kwa kitambaa kilekile ni kuitandaza tu.

Alama nyingine ifananayo na hiyo ni ya chokaa. Visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi, ileile ijengayo ganda jeupe ndani ya birika la chai. Glasi au mtungi ukiachwa juu ya kabati, maji hukauka na chokaa hubaki juu ya polishi. Aipitishaye ukucha husikia ukwaruzo, wala haivuti unyevu kama chumvi. Hii haikuingia ndani. Iko juu tu. Kijiko cha siki au cha maji ya ndimu katika vijiko vinne vya maji hutosha kuilegeza, kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha mahali pale hufutwa kwa maji matupu na kukaushwa. Asiruhusu siki hiyo idondoke juu ya jiwe la marumaru wala sakafu ya chokaa, kwa kuwa itakula huko vilevile.

Ya tatu ndiyo alama ambayo watu wengi huikusudia wasemapo alama ya maji: duara jeupe, laini kwa kidole, lisilotoka kwa kufutwa. Hutokana na kikombe cha chai ya moto, au glasi ya maji ya barafu ambayo hutoka jasho katika joto la pwani, au paa lililovuja usiku wa masika. Hapa unyevu umeingia ndani ya polishi yenyewe, lakini haukufika katika ubao. Polishi njema ni ngozi nyembamba sana iangazayo kama kioo. Unyevu uingiapo humo hufanya vitone na vijitundu vidogo mno, na mwanga ukipita hapo hutawanyika huku na huku. Mfano wake ni povu la wimbi lipigapo mwamba. Maji ni maangavu, na hewa haina rangi. Lakini vikichanganyika huonekana vyeupe. Mtu akielewa jambo hilo atajua pia kwamba hakuna uchafu wa kusuguliwa pale. Kinachotakiwa ni kuutoa unyevu, au kuiacha polishi ijifunge tena.

Ya nne ni alama nyeusi au ya buluu iliyokolea. Hiyo imekwisha kupenya polishi ikafika katika mti, nayo ina habari yake mbele.

KUJUA KILICHOPAKWA

Nusu ya kazi ni kujua polishi ni ya namna gani, kwa kuwa dawa iponyayo moja huyeyusha nyingine. Jaribio lifanywe mahali pasipoonekana, kama chini ya meza au nyuma ya mguu wa kabati. Pamba ndogo huchovywa katika spiriti, ile isiyonyweka, ikagusishwa pale kwa muda wa kuhesabu kumi. Polishi ikinata kidoleni, ni ya lakiri. Isiponata, hujaribiwa tina, yaani maji ya kuzimulia rangi ambayo mafundi hununua madukani. Ikinata kwa tina, ni rangi ya duko au ya jamaa yake. Isiponata kwa hii wala kwa ile, yaelekea ni vanishi ngumu ya kisasa. Ikiwa ukucha unakwangua kitu laini kama sabuni, basi ni nta tupu.

Lakiri ya polishi hutolewa na wadudu wadogo waishio katika matawi ya miti huko Bara Hindi na Thailand. Huyeyuka katika spiriti, hung'aa vizuri kuliko nyingi, lakini inaogopa mambo matatu: maji, spiriti na joto. Huanza kulegea katika nyuzi 75 hivi za joto la Selsiasi, na chai iliyotoka jikoni sasa hivi imepita hapo. Jambo la nne, ambalo watu hulisahau, ni magadi na kila kitu cha jamaa yake. Lakiri huyeyuka ndani yake, na kwa hiyo meza ya lakiri haioshwi kwa sabuni kali ya kufulia.

Duko ni kijana zaidi. Jina lake limetokana na Duco, rangi ya magari ya kampuni ya DuPont ya Marekani ya miaka ya 1920, nayo ilipendwa kwa sababu hukauka upesi. Vanishi za poliyurethani zina asili ya Ujerumani, ambako mkemia Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kutengeneza poliyurethani mwaka 1937. Hizo hustahimili maji vizuri. Lakini zikisha kuharibika ni vigumu kuzirekebisha mahali pamoja bila alama kuonekana.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba pwani ya Afrika Mashariki, ambayo leo hununua vanishi katika makopo, ndiyo iliyoupatia ulimwengu mojawapo ya vanishi bora za karne ya 19. Mti wa msandarusi, ambao wataalamu huuita Hymenaea verrucosa, huota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Utomvu wake ulioanguka chini na kuzikwa mchangani kwa muda mrefu sana huwa mgumu kama jiwe, na juu yake hufanya vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Hiyo ndiyo sandarusi iliyochimbwa Mrima na kupelekwa Unguja. Ile iliyotoka mtini ikiwa mbichi iliitwa chakazi, nayo ilikuwa duni. Richard Burton, aliyefika Unguja mwezi wa Desemba 1856, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba wafanya biashara wa kigeni walilivuruga neno hilo la chakazi vinywani mwao mpaka likawa jina la punda kwa Kiingereza.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mapatano ya biashara kati ya Marekani na Seyyid Said yalitiwa sahihi mwaka 1833, na balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, alianza kazi Unguja mwaka 1837. Meli zilileta nguo, ambazo hata leo huitwa merikani, zikarudi na pembe na sandarusi. Ilisafishwa, ikauzwa kwa watengenezaji vanishi, wakaiyeyusha kwa moto mkali na kuichanganya na mafuta ya kitani na tapentaini, ikapakwa magari ya farasi na samani za watu wenye mali. Ilisifiwa kwa sababu ya ugumu wake. Baada ya viwanda kuanza kutengeneza gundi za kikemikali katika karne ya 20, biashara hiyo ilififia. Fundi wa Kwale apakaye vanishi ya kopo anapaka kitu kilichochukua mahali pa utomvu wa nyumbani kwake.

KUONDOA WEUPE

Alama nyeupe ikiwa mpya, dawa ya kwanza haina gharama: ni kungoja. Maji hufutwa, kitambaa cha meza huondolewa, madirisha hufunguliwa, na meza huachwa siku moja au mbili katika upepo, lakini si juani, maana jua la pwani hupasua polishi na kuupinda ubao. Alama nyingi hutoweka hivyo zenyewe. Ni ajabu kidogo kwamba dawa hii iliyo rahisi kuliko zote ndiyo isiyotumiwa kabisa.

Ikibaki, joto dogo hufuata. Kitambaa cha pamba kikavu na safi hukunjwa mara nne, kikawekwa juu ya alama, na pasi yenye vuguvugu hupitishwa juu yake kwa sekunde tano, kisha huinuliwa na mahali pale hutazamwa. Alama ikififia, hurudiwa. Mwenye pasi ya umeme huiweka katika kipimo cha chini kabisa, bila mvuke. Pasi ya makaa haina kipimo, kwa hiyo ijaribiwe kwanza juu ya karatasi nyeupe. Ikigeuza karatasi rangi, imezidi mno. Joto likipita kiasi, polishi ya lakiri itashika nyuzi za kitambaa, na hapo alama ndogo imezaa kubwa.

Njia nyingine, polepole lakini yenye salama, ni mafuta ya mgando yale ya kujipaka mwilini. Hupakwa juu ya alama jioni, hufutwa asubuhi. Mafuta huingia katika vijitundu na kuchukua mahali pa unyevu, na weupe hupungua. Mafuta ya nazi hufanya kazi hiyo kwa siku chache, lakini hayakauki kamwe. Huchacha, hushika vumbi na kuita sisimizi, kwa hiyo akiyatumia mtu na ayafute yote.

Mafundi wana njia ya spiriti, na ni nzuri kwa polishi ya lakiri na, kwa uangalifu zaidi, kwa duko. Kitambaa laini hunyunyiziwa matone machache, kikasongwa mkononi mpaka kiwe kama kikavu, halafu hupitishwa juu ya alama kwa wepesi na upesi, bila kusimama, kama mtu apanguzaye unyoya. Spiriti hulegeza ngozi ya juu kidogo, unyevu hutoka, na polishi hujifunga tena. Asimamaye hata kidogo mahali pamoja atatoboa. Asiyezoea na ajifunze kwanza katika kipande cha ubao kilichopakwa, wala si katika meza ya sebuleni. Tena hapana budi jiko la makaa, taa ya mafuta na sigara viwe mbali, na mlango uwe wazi. Mvuke wa spiriti au wa tina hushika moto upesi, na chumba chenyewe ni kidogo.

Zikishindwa zote hizo, ndipo husuguliwa, na kusuguliwa kwenyewe ni kwa kitu laini mno. Majivu ya kuni yaliyochekechwa katika kitambaa, yakatiwa mafuta kidogo yakawa uji mzito, husuguliwa kwa ncha ya kidole kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti. Wazee wengi walijua habari ya majivu. Lakini neno la mafuta ndilo linaloachwa njiani. Majivu yakitiwa maji hufanya namna ya magadi, na magadi, kama ilivyokwisha kusemwa, huyeyusha lakiri. Dawa ya meno nyeupe pia hufaa, ikiwa haina chembechembe kubwa. Na watu wa ufuoni wana kitu kingine kilichotupwa bure na mawimbi: mfupa mweupe wa dome, ambao kwa desturi ya mafundi wa nchi nyingi umesagwa na kutumiwa kung'arishia. Unga wake hutumiwa kwa mafuta vilevile.

Hapa pana kumbukumbu katika lugha yenyewe. Msasa wa dukani, karatasi ile yenye mchanga, umerithi jina la mti, msasa, ambao majani yake ni makavu na yenye kukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao. Msasa wa karatasi haufai kuondoa alama nyeupe, hata ule mwembamba, ila mikononi mwa fundi.

Baada ya kusugua, mahali pale huwa pamefifia kidogo. Nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini hurudisha mng'ao. Hupakwa kidogo, huachwa, kisha hung'arishwa kwa kitambaa kikavu. Akitumia mtu mafuta ya kitani mahali popote, vitambaa vyake visirundikwe pembeni: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa laweza kuwaka lenyewe usiku. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke.

ALAMA NYEUSI

Mti una kitu kiitwacho tanini, ambacho ndicho kipatikanacho kwa wingi katika maganda ya mikoko na kuyafanya yafae kwa kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na chuma mahali penye maji hufanya rangi nyeusi, na wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Aliyepata kupigilia msumari katika boriti mbichi amekwisha kuiona pembeni mwa msumari. Basi kopo lenye kutu likiachwa juu ya kabati lililochakaa polishi, maji hupenya, kutu huingia, na ubao hujiandikia wino.

Alama hiyo haiondoki kwa nta, wala kwa joto, wala kwa dawa ya klorini ya kufulia. Mafundi hutumia asidi ya oksaliki, unga mweupe uuzwao katika baadhi ya maduka ya rangi na dawa. Kwanza polishi ya uso mzima wa ubao huondolewa. Kisha unga huyeyushwa katika maji ya moto ndani ya chombo cha plastiki au kioo, si cha chuma, na maji hayo hupakwa ubao wote, si mahali pa alama peke yake, ama sivyo patabaki baka jeupe badala ya jeusi. Huachwa mpaka weusi ufifie, huoshwa kwa maji mengi mara kadhaa, na ubao hukaushwa siku mbili au tatu. Unga huo ni sumu. Mikono ivishwe glavu, watoto na kuku wawekwe mbali, na mtu asipige msasa ubao ambao haujaoshwa vizuri, kwa kuwa vumbi lake huunguza pua na koo.

Asidi hiyohiyo iko katika mabirimbi, yale yatiwayo katika achari. Huko Bara Hindi na Malaya maji ya birimbi yametumika tangu zamani kutoa kutu katika nguo nyeupe na kusafishia visu. Kwa doa dogo katika mti mtupu, birimbi lililokatwa laweza kujaribiwa, likasuguliwa, likaachwa nusu saa na kuoshwa. Nguvu yake si sawa na ya unga, wala haipimiki. Bali haina hatari nyingi, na mbirimbi uko uani.

Neno moja lisisahauliwe katika nyumba yoyote: dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu, birimbi wala asidi nyingine yoyote. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu iharibuyo mapafu, na watu wamekufa kwa ajili ya kusafisha choo au meza kwa dawa mbili pamoja.

MBAO ZA SIKU HIZI

Samani nyingi ziuzwazo sasa hazikutengenezwa kwa mvule wala mbambakofi, bali kwa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, uitwao MDF, ukafunikwa kwa karatasi yenye picha ya mti. Hapa maji yakiingia pembeni, ubao huvimba kama mkate uliolowa, wala haurudi. Hakuna dawa, na fundi asemaye anayo anauza maneno. Kinachowezekana ni kuzuia: kuziba kingo kwa vanishi siku ya kwanza, hasa chini ya miguu ambako maji ya kupigia deki hufika, na kuinua kabati juu ya vigae vidogo.

Adui mwingine ni kitambaa cha plastiki cha kufunikia meza. Watu hukinunua kwa nia njema ya kuilinda meza. Kumbe maji yakipita chini yake hayana njia ya kutoka, na katika joto la kaskazi vilainisho vilivyomo ndani ya plastiki hutoka vikailegeza polishi, hasa ya duko, mpaka kitambaa na meza hushikana. Akibandua, huondoka na ngozi ya meza. Kitanga kidogo cha ukindu chini ya kikombe hufaa zaidi, ila kisiwe cha ukindu uliotiwa rangi. Kikilowa huacha nakshi zake juu ya meza.

Iwapo uso umeharibika sana hata hapana budi kupaka upya, wakati wake uchaguliwe. Masika, tangu Aprili mpaka Juni, si wakati mwema Kwale. Tina iliyomo katika duko ikiruka huupoza uso wa ubao, unyevu wa hewa hutua juu yake kama umande, na polishi hutoka nyeupe kabla hata meza haijawekewa kikombe. Fundi mwenye subira hungoja siku kavu za kaskazi. Na siku hiyo yenyewe hungoja saa nne za asubuhi, jua likisha kupanda, akamaliza mapema kabla unyevu wa jioni haujarudi. Akishikwa na mvua katikati ya kazi, huacha. Siku ya pili, hewa ikikauka, hupitisha tina nyembamba mno juu ya weupe ule, na aghalabu hufunguka.